Hukumu ya Kufuga Panya kwa Mapenzi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi, akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo: katika masuala yaulizwayo siku hizi, khasa na watu wa Pwani waliohamia Ulaya na Marekani kwa kazi na masomo, limo suala hili: je, yajuzu kwa Mwislamu kumfuga panya nyumbani mwake, si kwa haja wala kwa kazi, bali kwa kumpenda tu, kama apendwavyo paka? Mtu akaaye Mombasa au Unguja huenda akacheka akisikia, maana yeye na panya hawajuani ila kwa mtego na sumu. Lakini asicheke upesi. Mtoto wa Kiswahili akuaye Uingereza aweza kumwona panya mweupe kizimbani kwa rafiki yake, akamshika, akamwona ni mpole, kisha akarudi nyumbani akamwambia babake, "Baba, nami nataka wangu." Baba akijibu kwamba panya ni haramu, mtoto atauliza, "Haramu kwa nini?" Na hapo baba wengi hunyamaza, au husema maneno yasiyo na asili katika sharia. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa taratibu.

Kwanza ijulikane wanyama hawa ni wepi. Panya wafugwao Ulaya si jinsi nyingine iliyo mbali na hawa tuwajuao. Yule mkubwa atokana na panya wa kahawia, mwenyeji wa mifereji na maghala. Na yule mdogo atokana na panya mdogo wa nyumbani, atafunaye nguo na vitabu. Panya mweusi wa majahazi, aliyezoea mapaa ya makuti na dari za boriti za miji yetu, ni ndugu yao wa karibu. Kilichowabadili ni mikono ya watu, waliochagua wapole na wenye rangi za kupendeza, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi.

Wajapani walitangulia katika kazi hii. Mwaka 1787 kulipigwa chapa huko kitabu kizima cha kufundisha namna ya kuwazalisha panya wadogo wa rangi mbalimbali. Katika London ya karne ya kumi na tisa alikuwako mtu aitwaye Jack Black, aliyejinadi kuwa ndiye mkamata panya wa Malkia Victoria. Kazi yake ilikuwa kuwaua. Lakini kila alipomnasa mwenye rangi ngeni, mweupe au wa madoadoa, alimweka kando, akamfuga, akauza watoto wake kwa mabibi wa nyumba za heshima. Mwaka 1895 Waingereza wakaunda chama cha wafugaji wa panya wadogo, na mwaka 1901 bibi mmoja, Mary Douglas, akakiomba chama hicho kiwakubali na panya wakubwa katika maonyesho yake. Wakaonyeshwa mwaka huo huo katika mji wa Aylesbury, wakashindanishwa kama washindanishwavyo ng'ombe na farasi. Mwaka 1976 kikaundwa chama cha panya wakubwa peke yao.

Wafugao husema ya kuwa panya hujua jina lake, huja akiitwa, hukaa begani mwa bwana wake, na huhuzunika akiwekwa peke yake, ndiyo maana huwafuga wawili au zaidi. Umri wake ni mfupi, kama miaka miwili au mitatu. Wala haya si maneno ya wapenzi tu. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha Chicago walieleza ya kwamba walimfungia panya mmoja katika bomba jembamba, wakamwacha mwenziwe nje. Yule wa nje alijitahidi siku baada ya siku mpaka akajua kuufungua mlango, akamtoa mwenziwe. Hata alipowekewa chakula kitamu alichokipenda, mara nyingi alimfungulia mwenziwe pia, wakala pamoja. Mwislamu hana haja ya kuyakanusha haya. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-An'am, aya ya 38, imekwisha tujulisha ya kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Basi mtu asidhani kwamba hukumu itakayotajwa imejengwa juu ya kusema kwamba panya ni kiumbe kisicho na hisia.

Sasa tuingie katika asili ya hukumu. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.), katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja wanyama watano akawaita *fawasiq*, akaruhusu wauawe hata ndani ya eneo tukufu la Makka, ambako mnyama wa mawindo haguswi: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mkali aumaye. Na panya amepewa katika hadithi jina la *fuwaisiqa*, yaani fasiki mdogo.

Jina hili limewapoteza watu wengi, wakadhani kwamba panya ana dhambi, au kwamba ni jamaa wa Shetani, kwa hiyo kila atakalotendewa ni halali. Sivyo. Mnyama hana taklifu. Hakuamrishwa wala hakukatazwa, basi atakuwaje na dhambi? Wanavyuoni wa lugha wamesema ya kuwa asili ya *fisq* ni kutoka. Waarabu husema tende imefanya *fisq* inapochomoza katika ganda lake. Na Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra) ameeleza ya kwamba wanyama hawa wameitwa hivyo kwa kuwa wametoka katika njia ya wanyama wengine kwa kuudhi na kuharibu. Jina, basi, ni la madhara, si la laana.

Na madhara yenyewe yametajwa. Katika hadithi ya Jabir (r.a.), iliyomo katika Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe na taa zizimwe wakati wa kulala, kwa sababu huyo fasiki mdogo huenda akauvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Na katika Abu Daud imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) ya kwamba panya alikuja akiuburura utambi, akauangusha mbele ya Mtume (s.a.w.), juu ya mkeka mdogo aliokuwa ameukalia, pakaungua pahali kadiri ya dirhamu. Mwenye kulala chini ya paa la makuti, na koroboi ikiwaka mezani, hahitaji sharhi ya hadithi hii.

Kwa asili hizo wakajenga wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa Pwani. Wamesema: ni sunna kuwaua wanyama waudhio kwa tabia yao, na panya ni mmoja wao. Wamesema tena: wanyama watano hao hawamilikiwi. Mtu hawezi kusema kwa sharia, "Huyu ni panya wangu," kama asemavyo, "Huyu ni mbuzi wangu." Na Imamu Zarkashi (aliyefariki mwaka 794 wa Hijra), katika kitabu chake cha kanuni za fikihi kiitwacho *Al-Manthur*, amehesabu mambo ambayo ni haramu kwa mtu kuyaweka: akamtaja mbwa kwa asiyemhitaji, na pamoja naye wale fawasiq wengine, na panya kwa jina lake. Tamko ni wazi. Kumweka panya nyumbani kwa kumfuga, katika madhehebu haya, hakujuzu.

Kadhalika kumuuza. Katika *Minhaj*, kitabu kisomwacho katika darsa nyingi za Pwani, imesemwa ya kuwa biashara ya wadudu na wanyama wadogo wa ardhini haisihi, kwa kuwa hawana manufaa yazingatiwayo na sharia. Na sharhi zake humtaja panya katika mifano. Basi dukani Ulaya panya huuzwa kwa fedha kama kasuku, lakini fedha hiyo kwa Mshafii ni ya biashara isiyosihi.

Hapa yapasa kuondoa kosa moja lililoenea. Wengi husema panya ni najisi, na hiyo ndiyo hoja yao ya kwanza na ya mwisho. Hoja hiyo si sawa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na aliyezaliwa kwao. Panya aliye hai ni tohara. Mate yake ni tohara. Akipita juu ya miguu yenye maji ya udhu, udhu haukuharibika wala mguu haukunajisika. Wengine huleta hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, wakampachika panya pasipo dalili. Hadithi hiyo haimhusu.

Ila taabu ipo, nayo i mahali pengine. Mkojo wa panya ni najisi, na mavi yake ni najisi. Na panya, kwa tabia yake, huacha matone ya mkojo kila apitapo, ili ajue njia na ili awajulishe wenziwe. Hufanya hivyo juu ya meza, juu ya mto, na juu ya bega la ampendaye. Wafugaji wenyewe walijua hili wala hawalifichi. Basi mtu aliyekaa na panya begani tangu alasiri, kisha akasimama kusali magharibi kwa kanzu ile ile, na kanzu imepata matone, sala yake ina shaka gani? Sharia imesamehe mavi ya panya machache pahali ambapo ni vigumu kujikinga nayo, kwa kuwa panya wa nyumbani huja bila ya kualikwa. Lakini aliyemwalika, akampandisha begani kwa mkono wake, ana udhuru gani? Samahani ya sharia ni kwa aliyeshikwa na dhiki, si kwa aliyeitafuta dhiki mwenyewe.

Akifa, ni mzoga, na mzoga ni najisi. Imepokewa kwa Bibi Maimuna (r.a.) ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya panya aliyeangukia katika samli akafa, akaamrisha atolewe yeye na samli iliyomzunguka, na iliyobaki iliwe. Wanavyuoni wakasema hiyo ni samli iliyoganda. Ama iliyo ya maji maji, imenajisika yote.

Sasa huinuka mwenye hoja akasema: "Hukumu zote hizi zilisemwa juu ya panya mwizi, mwenye kuingia ghalani na kuvuta tambi. Huyu mweupe alizaliwa kizimbani, mama yake alizaliwa kizimbani, hajaona ghala wala taa. Sababu ya hukumu ni madhara. Sababu ikiondoka, hukumu nayo huondoka." Hoja hii si ya kupuuzwa, ina sura ya elimu, na wako wasomi wa zama hizi walioielekea. Juu ya hamsta, yule mnyama mdogo wa manyoya asiye na mkia mrefu, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana: wako waliomtia katika jina la panya, na wako waliosema ni mnyama mwingine asiyetajwa katika wale watano, kwa hiyo hana katazo.

Lakini juu ya panya mwenyewe jawabu la Mashafii lina nguvu zaidi. Hadithi imetaja jinsi yote, haikusema panya mwizi, kama ilivyosema mbwa aumaye ikawaacha mbwa wengine. Tofauti hiyo ya matamko si bure. Tena tabia haikuondoka kwa sababu ya rangi. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, na kwa hiyo hana budi kutafuna. Mweupe hutafuna kama mweusi. Akitoka kizimbani huenda moja kwa moja kwenye nyaya za umeme, na nyumba ngapi zimeshika moto kwa waya uliotafunwa na panya! Utambi wa zama zetu umo ndani ya ukuta, naye bado auvuta.

Liko na jambo la maradhi. Mwaka 1894 Alexandre Yersin alikigundua Hong Kong kijidudu cha tauni. Mwaka 1896 tauni ikaingia Bombay, bandari ambayo majahazi na merikebu zake zikijuana na kila bandari ya Pwani hii. Na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akathibitisha huko Karachi ya kwamba tauni hutoka kwa panya ikamfikia mtu kwa njia ya viroboto. Ni insafu kusema ya kuwa panya wa kizimbani, aliyetunzwa vema, si panya wa tauni. Lakini hakusalimika na yote. Mwaka 2017 huko Marekani watu waliambukizwa virusi viitwavyo Seoul kutoka kwa panya wa kufugwa, si wa mifereji. Na iko homa itokayo katika kuumwa au kukwaruzwa na panya, ambayo isipotibiwa huweza kuua; na ihofiwayo zaidi ni kwa watoto wadogo, na hao ndio wapendao kumbusu panya.

Basi aachae kufuga ameshika lililo salama kwa dini yake na kwa mwili wake. Hata hivyo yule aliyefuata kauli ya walioruhusu panya wa kizimbani asiitwe fasiki, wala asigombezwe msikitini. Hili si katika mambo yaliyokubaliwa na umma mzima.

Kuna suala jingine lililo karibu na hili, nalo latuhusu sisi zaidi kuliko watu wa London. Katika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wafunzwa panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu ili maradhi yajulikane. Shirika lenye kazi hiyo, APOPO, liliundwa mwaka 1997 na Mbelgiji aitwaye Bart Weetjens, ambaye utotoni mwake alikuwa akifuga panya, na kwa kuwajua akafikiri kwamba pua zao zaweza kuwaokoa watu. Panya buku mmoja, jina lake Magawa, aliyezaliwa hapo Morogoro, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71 na vitu vingine vya kulipuka 38. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na jumuiya moja ya Uingereza, na Januari 2022 akafa kwa uzee akiwa na miaka minane.

Je, Mwislamu afanyaye kazi hapo, awalishaye na kuwafunza, yumo katika katazo? Kwanza, panya buku ni jinsi nyingine, si yule wa nyumbani. Ni mnyama wa msituni na mashambani aingiaye mfukoni mwa shavu lake chakula cha siku nzima. Pili, na ajaalie mtu kwamba jina la panya lamshika, bado wanavyuoni wale wale waliokataza kumweka mbwa wamemruhusu mbwa wa mawindo, na wa kulinda mifugo, na wa kulinda shamba, kwa ajili ya haja. Haja ya kuokoa miguu ya watoto isikatwe na mabomu ni kubwa kuliko haja ya kuwinda sungura. Kwa kiasi hicho kazi ile yaonekana kuwa ni katika heri. Lakini asije mtu akaitumia hoja hii kumlaza panya kitandani mwake. Mbwa wa mawindo hakumhalalisha mbwa wa mchezo.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote yaliyotangulia, nalo ndilo lisahauliwalo. Watu wa Pwani hawana hatari kubwa ya kumpenda panya kupita kiasi. Hatari yao i upande wa pili.

Mtu huweka ubao wa gundi chini ya kabati. Usiku panya hunasa kwa miguu na tumbo. Hujivuta, hujing'ata, hulia. Mwenye nyumba humsikia, akageukia upande wa pili akalala. Asubuhi humtupa jaani, ubao na panya wake, yu hai bado, akae juani siku mbili mpaka afe kwa kiu. Mwingine hunasa panya katika mtego wa waya, akamwacha humo uani mpaka afe njaa, kwa kuwa hana nafasi. Na wako vijana wammwagiao mafuta ya taa wakamtia kiberiti, wakamwachia akimbie, na wakubwa wamesimama wakicheka. Na mara nyingine panya huyo huyo hukimbilia chini ya paa la jirani. Kisha hao hao husema: Mtume ameruhusu tumwue.

Ndiyo, ameruhusu wauawe. Hakuruhusu wateswe. Imepokewa kwa Shaddad bin Aus (r.a.), katika Muslim, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, akaamrisha kwamba hata katika kuua watu waue kwa uzuri. Na imepokewa kwamba alikataza kuadhibu kwa moto, kwa kuwa moto ni adhabu ya Mola wa moto peke yake. Na katika Muslim tena, kwa Ibn Umar (r.a.), imo laana kwa afanyaye kitu chenye roho kuwa shabaha ya mchezo.

Kisha na watazame wenye mitego waliyoyasema wenye sharhi za *Minhaj* katika mlango wa nafaka. Baada ya kutaja ya kwamba ni wajibu kwa mtu kumlisha mnyama wake, wamesema kwamba wale fawasiq watano hawana heshima hiyo. Si wajibu kuwalisha. Lakini hawakuishia hapo. Wamesema: basi na awaachilie, wala haijuzu kuwafungia mpaka wafe kwa njaa, kwa sababu ya hadithi ile ya kuua kwa uzuri. Mwenye akili na ausimamie mstari huu kidogo. Mnyama aliyeondolewa milki, akaondolewa haki ya chakula, akaruhusiwa kuuawa hata Makka, bado hakuondolewa haki hii moja: ukimfunga usimwue kwa njaa. Katika hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, kosa lililotajwa ni hilo hilo: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vitambaavyo vya ardhini. Na katika kufasiri hivyo vitambaavyo, wanavyuoni wamemtaja panya. Panya ni riziki ya paka, kama wajuavyo vema watu wa Lamu, ambao mji wao paka hawapungui vichochoroni.

Basi mtego wa chuma uvunjao shingo kwa mara moja wafaa. Paka wafaa zaidi, naye imepokewa na Abu Qatada (r.a.) kwamba si najisi, ni katika wenye kutuzunguka majumbani mwetu. Sumu yajuzu ikihitajika, kwa sharti isiwekwe pahali ifikiwapo na mtoto, au na kuku, au na paka wa jirani. Na mwenye mtego wa waya na autazame kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akimkuta panya, ammalize mara moja. Ama gundi, iwapo haimwui ila kwa mateso ya siku nzima, na pana mtego mwingine umtoshao, mwenye kuiacha amejitoa katika shaka.

Yasalia ya yule ambaye tayari anao panya wa kizimbani, akataka kutoka katika kufuga. Vitabu vyasema awaachilie. Lakini vilimkusudia panya ajuaye kujitafutia. Huyu mweupe akiachiwa kichochoroni hajui shimo wala hajui paka, hadumu siku. Na akiachiwa katika nyumba ya watu, amewatia watu madhara. Lililo karibu na sharia na rehema ni kuwatoa bila ya thamani kwa watu wasio wa dini hii ambao desturi yao ni kuwafuga, wala asitwae fedha. Asipompata wa kuwatwaa, daktari wa wanyama aweza kuwaua kwa dawa bila ya kuwatesa. Na kama moyo wake hauwezi hilo, basi na awatenge madume na majike wasizidi, awalishe na kuwanywesha, kizimba kiwe mbali na chumba cha kusalia na cha chakula, mpaka ajali zao ziwafikie, wala si mbali. Hapo hakai nao kwa kuwafuga bali kwa kuondokana nao, na amwulize mwanachuoni wa mji wake lililo bora kwa hali yake.

Ama yule mtoto aliyeomba, asipigwe kelele. Kupenda kiumbe dhaifu si aibu. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na ndugu mdogo aitwaye Abu Umair, mwenye kindege alichokuwa akichezea. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwazuru, akimkuta, humtania kwa maneno yenye vina akamwuliza habari za kindege chake, na imepokewa kwamba siku moja alimkuta ana huzuni, akaambiwa kindege kimekufa. Hakusema: kilikuwa kindege tu. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 335 wa Hijra, ametoa katika hadithi hii moja mafunzo sitini, na miongoni mwake ni kujuzu kwa mtoto kuchezea ndege na kumweka tunduni, maadamu hamtesi.

Basi baba na amwambie mwanawe sababu, kama zilivyotajwa: mkojo na sala, meno na nyaya, na jina alilopewa panya na Mtume (s.a.w.). Kisha ampe badili yake: paka, au ndege, au sungura. Amwonyeshe namna ya kuosha tundu na kubadili maji kila siku. Na wiki za mwanzo asimwachie kazi hiyo peke yake, maana mtoto husahau, na mnyama aliyefungiwa hawezi kwenda kuyatafuta maji mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.